Injini ya Kutupwa, Ndege ya Kudumu

Katika filamu ya Top Gun, iliyotoka mwaka 1986, marubani wa Marekani wanapambana na ndege nyeusi ya adui iitwayo MiG-28. Ndege hiyo haijawahi kuwepo. Ndege za kivita za MiG hupewa namba witiri, na isitoshe Moscow isingewaazima Hollywood hata skrubu wakati wa Vita Baridi. Watengenezaji wa filamu walichukua F-5 za Marekani zilizokuwa zikitumika kuwaigizia marubani adui mazoezini, wakazipaka rangi nyeusi, wakamaliza kazi. Mkazi wa Nanyuki aliyeitazama kwa kaseti angeweza kumtambua "adui" huyo mara moja, maana alikuwa akipita juu ya paa lake.

F-5 ndiyo ndege ya kivita ambayo Kenya imeitegemea kwa zaidi ya miaka 40. Kambi yake iko Nanyuki, Laikipia, lakini sababu ya kununuliwa kwake kwa sehemu kubwa iko upande wa mashariki, kwenye mpaka wa Somalia: Garissa, Wajir na Mandera.

Ilianzia kwenye chombo cha kutupwa. Miaka ya 1950 jeshi la anga la Marekani lilitaka chambo: kijindege kisicho na rubani, Quail, ambacho kingedondoshwa kutoka tumboni mwa B-52 na kuzihadaa rada za Wasovieti zikidhani nacho ni B-52. Kingeruka kwa chini ya saa moja kisha kianguke, basi. General Electric ikakiundia injini ndogo sana, J85, nyepesi kuliko injini zote za msukumo wa kiwango chake.

Katika kampuni ya Northrop, wahandisi Welko Gasich na Edgar Schmued, yule aliyesanifu P-51 Mustang ya Vita vya Pili vya Dunia, walikuwa wakitazama jinsi ndege za kivita zinavyozidi kuwa nzito na bei kupanda kila mwaka. Lockheed walikuwa wameleta F-104, waliyoiita Starfighter, mpiganaji wa nyotani. Jina lilitangulia mbele ya ndege: iliruka kwa mara mbili ya kasi ya sauti, lakini mabawa yake yalikuwa mafupi mno na haikusamehe kosa la rubani. Ujerumani Magharibi peke yake ilipoteza F-104 karibu 300 kwa ajali, na marubani zaidi ya 100. Gasich na Schmued wakashika njia nyingine. Walichukua J85 mbili, wakazilaza ubavu kwa ubavu mkiani, na kuzijengea ndege ndogo kadiri ilivyowezekana. Toleo la mafunzo, T-38, liliruka Aprili 1959, na hadi leo wanaanga wa NASA hulitumia mazoezini. Toleo la kivita liliruka tarehe 30 Julai mwaka huohuo na kupita kasi ya sauti siku hiyohiyo ya kwanza.

Ukiitazama F-5 kutoka juu utaona ina kiuno kama cha nyigu. Hilo si pambo. Ndege inapokaribia kasi ya sauti, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha. Inajikusanya na kuwa mawimbi ya mgandamizo yanayoikaba. Richard Whitcomb, mwanasayansi wa Marekani, aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ukali wa mawimbi hayo hutegemea unene wa ndege nzima kwa jumla, kiwiliwili pamoja na mabawa, na jinsi unene huo unavyobadilika kutoka pua hadi mkia. Pale mabawa yanapoota, punguza kiwiliwili, ili jumla isiruke ghafla. F-5E, toleo ambalo Kenya ililichukua, ina urefu wa mita 14.45, na mabawa yake, ncha hadi ncha, ni mita 8.13 tu. Hufikia mara 1.6 ya kasi ya sauti, ikiwa juu.

Sasa rudi nyuma hadi mwaka 1963. Kenya ilipopata uhuru, Wasomali wengi wa iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kuungana na Somalia, na serikali ya Mogadishu iliwaunga mkono. Vita vya Shifta vikadumu hadi mapatano ya Arusha ya 1967, na majeraha yake hayajasahaulika Garissa. Miaka ya 1970 Somalia ikapata ndege za MiG-21 kutoka kwa Wasovieti. Idi Amin naye huko Uganda alikuwa na MiG zake, na mwanzoni mwa 1976 akaanza kudai sehemu ya magharibi ya Kenya. Mwaka huohuo Nairobi ikakubaliana na Washington kununua F-5, na za kwanza zikafika 1978.

Kabla hazijafika, jibu la swali kama F-5 ingeweza kuishinda MiG-21 lilikuwa limekwisha kupatikana ng'ambo ya mpaka. Julai 1977 Somalia iliivamia Ogaden. Ethiopia ilikuwa na F-5E chache tu, lakini marubani wake, waliofunzwa na Wamarekani, waliziangusha MiG-21 za Somalia moja baada ya nyingine na kuitawala anga. Wasovieti wenyewe walifikia matokeo hayohayo kwa njia ya utulivu zaidi. Walipewa na Vietnam F-5E iliyotekwa Saigon ilipoanguka mwaka 1975, wakaishindanisha na MiG-21 katika mapambano ya majaribio. F-5E ilishinda, kwa sababu hugeuka vizuri kwenye kasi ndogo na rubani huona vizuri zaidi nje.

MiG za Somalia hazikuvuka kuja kupigana na F-5 za Kenya. Siku F-5 hizo ziliporuka na mabomu kwa mara ya kwanza ya kukumbukwa, amri ilitoka kwa Wakenya wenyewe. Agosti 1, 1982, waasi wa jeshi la anga waliwalazimisha marubani wa Nanyuki, kwa mtutu wa bunduki, kwenda kushambulia Nairobi. Marubani waliruka, wakayatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, wakarudi.

Watu hudhani kwamba tatizo kubwa la ndege huku kwetu ni joto la Garissa. Joto hupunguza uzito wa hewa, ni kweli, na injini na mabawa yote hula hewa. Lakini kimo hupunguza zaidi. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Garissa iko mita 150 hivi. Piga hesabu: asubuhi yenye baridi ya nyuzi 10, hewa ya Nanyuki bado ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko hewa ya Garissa saa saba mchana kwenye nyuzi 35. Hapo ndege iliyojaa mabomu huhitaji mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa. Ndiyo maana mguu wa mbele wa F-5E unaweza kurefushwa kwenye njia ya kurukia, pua iinuke na mabawa yaishike hewa mapema.

Kisha kuna mafuta. Kutoka Nanyuki hadi Liboi mpakani, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 420. Hadi Kismayo nchini Somalia ni kama 600. Tangi za ndani hubeba takriban lita 2,560. Rubani akiwasha afutabana, yaani mafuta ya ziada yanayochomwa nyuma ya turbini, msukumo huongezeka kwa chini ya nusu lakini ulaji wa mafuta hupanda karibu mara tatu, na akikaa hivyo karibu na ardhi tangi hizo zitakauka ndani ya robo saa. Kwa hiyo F-5 inayokwenda mbali huning'iniza tangi za nje, na kila tangi huchukua nafasi ambayo ingebeba bomu.

Oktoba 2011 wanajeshi wa Kenya walivuka mpaka kuwafuata wapiganaji wa Al-Shabaab, baadhi ya wanajeshi hao wakipitia Liboi, na F-5 zikaenda kushambulia kusini mwa Somalia. Miaka michache kabla, Kenya ilikuwa imenunua nyingine kama 15 zilizotumika Jordan. Katika vita hivyo ndipo udogo wa F-5 ulipoanza kuonekana kama umaskini. Rada yake ya masafa mafupi iliundwa kutafuta ndege nyingine angani. Haikuundwa kumtofautisha mpiganaji na mchungaji wa ngamia chini ya mgunga. Ndege iliyosanifiwa kumshinda MiG ilipewa adui asiye na ndege hata moja.

Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya jua kuchomoza, watu wanne wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache baadaye F-5 zilipiga kambi mbili za Al-Shabaab katika eneo la Gedo nchini Somalia. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, F-5 ingetoka Nanyuki na kufika Garissa kwa muda usiozidi dakika 25. Kikosi maalumu cha polisi, ambacho ndicho kilichohitajika asubuhi ile, kilifika baada ya saa nyingi, na F-5E, yenye kiti kimoja tu, isingeweza kukibeba.