Michezo ya vita ya mezani

Mchezo wa vita wa mezani ni mchezo wa watu wawili au zaidi unaoigiza mapigano ya kijeshi kwa kutumia sanamu ndogo za askari, farasi, mizinga au vifaru. Sanamu hizo hupangwa juu ya meza iliyotengenezwa kufanana na nchi yenye vilima, mito, misitu na nyumba. Wachezaji husogeza vikosi vyao kwa zamu na kupima umbali kwa rula au futikamba. Matokeo ya kupiga risasi na ya kupigana ana kwa ana huamuliwa kwa dadu pamoja na kanuni zilizoandikwa.

Sataranji, drafti na bao pia hufananishwa na vita, lakini kanuni zake hazidai kueleza vita fulani vilivyotokea. Kanuni za mchezo wa vita wa mezani zinadai hivyo. Anayeandika kwamba bunduki ya aina fulani hupiga mbali kiasi gani, au kwamba kikosi fulani hukimbia upesi, anatoa maelezo yake kuhusu kwa nini watu walishinda au walishindwa. Maelezo hayo yanaweza kuwa sahihi au yenye kasoro, na vita vya Afrika Mashariki vinasaidia kuyapima.

Vifaa

Sanamu hutengenezwa kwa mchanganyiko wa madini laini au kwa plastiki, kisha mchezaji huzipaka rangi mwenyewe. Ukubwa wake hutajwa kwa milimita kulingana na kimo cha mtu. Ukubwa unaotumika sana ni milimita 6, 15 na 28. Sanamu moja inaweza kuhesabiwa kuwa mtu mmoja, au kuwakilisha watu 20 au zaidi.

Kanuni hueleza pia vipimo vya ardhi na muda. Sentimita moja mezani inaweza kuwa mita kadhaa uwanjani, na zamu moja inaweza kuwa dakika chache au nusu saa. Si lazima kuwa na sanamu za kununua: vizibo vya soda, maharagwe au vipande vya karatasi ngumu vinatosha kujifunzia, ilimradi kila kikosi kitambulike.

Historia

Jina la sataranji lina chanzo cha kijeshi. Limepitia Kiarabu na Kiajemi kutoka neno la Kisanskriti chaturanga, lenye maana ya sehemu nne za jeshi: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Mwaka 1780 Mjerumani Johann Hellwig alitoa mchezo uliopanua sataranji kwa ubao wenye miraba mingi zaidi, ambayo iliwakilisha aina mbalimbali za ardhi.

Hatua kubwa ilipigwa Prussia. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme Friedrich Wilhelm III mchezo uliochezwa juu ya meza maalumu. Mwanawe, ambaye alikuwa afisa wa mizinga, aliuboresha na kuuchapisha mwaka 1824. Vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo vya rangi nyekundu na bluu juu ya ramani. Kila mchezaji aliandika amri zake na kumpa mwamuzi. Mwamuzi peke yake ndiye aliyejua yote, na mchezaji alionyeshwa tu kile ambacho askari wake wangeweza kukiona. Jeshi la Prussia liliutumia mchezo huo kufundishia maafisa, na baadaye majeshi mengine yakaiga.

Mchezo wa kiraia ulipata msukumo kutoka kwa mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyetoa kitabu Little Wars mwaka 1913. Wells alitumia askari wa kuchezea wa watoto na mizinga midogo yenye springi iliyorusha vijiti kweli. Aliona kwamba vita vya mezani ni bora kuliko vita halisi, na kwamba vinamwonyesha mchezaji jinsi vita halisi vinavyoweza kuharibika. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza.

Mifumo maarufu ya kanuni

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mchezo ulienea Uingereza na Marekani. Kitabu War Games cha Donald Featherstone cha mwaka 1962 kiliwafikia watu wengi waliokuwa wakicheza kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1969 kundi la Wargames Research Group la Uingereza lilitoa kanuni za vita vya kale. Phil Barker wa kundi hilo alishiriki pia kuandika De Bellis Antiquitatis ya mwaka 1990, ambamo kila jeshi lina vipande 12 tu na dadu huamua jemadari anaweza kusogeza vikosi vingapi katika zamu.

Kwa vita vya kikoloni, mfumo unaojulikana sana ni The Sword and the Flame wa Mmarekani Larry Brom, uliotoka mwaka 1979. Badala ya upande mmoja kumaliza zamu yake yote, karata hufunuliwa moja moja: nyekundu inaruhusu kikosi cha upande mmoja kwenda, nyeusi cha upande wa pili. Hakuna jemadari anayejua nani atatangulia.

Tawi jingine liliingia katika hadithi za kubuni. Chainmail ya Gary Gygax na Jeff Perren ya mwaka 1971 ilikuwa na kanuni za vita vya Zama za Kati pamoja na nyongeza ya wachawi na mazimwi. Kutokana na hiyo ulizaliwa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Warhammer ya kampuni ya Games Workshop ilifuata mwaka 1983 na Warhammer 40,000 mwaka 1987.

Jinsi kanuni zinavyofanya kazi

Mifumo mingi hujibu maswali manne: kikosi kinakwenda umbali gani, kinapigaje, kinapokeaje amri, na kinastahimili hasara hadi wapi.

Dadu huingiza bahati, lakini bahati yenye mipaka. Chukua askari 6 wanaopiga risasi, kila mmoja akihitaji kupata 5 au 6. Kila dadu ina nafasi 2 kati ya 6, kwa hiyo kwa wastani risasi 2 zitapata. Hata hivyo karibu mara 9 kati ya 100 hakuna itakayopata hata moja. Mchezaji mwenye busara hupanga shambulio lake akijua kwamba mara hizo 9 zipo.

Swali la nne, yaani ari ya askari, ndilo gumu zaidi. Kikosi kilichopoteza watu hurushiwa dadu. Kikishindwa, kinarudi nyuma au kinakimbia. Mara nyingi kila kikosi hupewa daraja kabla ya mchezo kuanza: hodari, cha kawaida au dhaifu. Daraja hilo hutokana na maoni ya mwandishi wa kanuni kuhusu watu hao.

Mfano wa Lugalo na Kalenga

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani chini ya Emil von Zelewski kilivamiwa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo, karibu na Iringa. Kikosi hicho kilikuwa na askari zaidi ya 300, wapagazi, bombomu na mizinga. Wahehe wengi walikuwa na mikuki na ngao. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake, na bunduki nyingi zikachukuliwa.

Mwandishi wa kanuni anayepima silaha peke yake hawezi kupata matokeo hayo. Akiwapanga Wahehe upande mmoja wa meza na bunduki 300 upande wa pili, washambuliaji wataanguka kabla ya kufika, mchezo baada ya mchezo. Lakini Lugalo hakukuwa na meza tupu. Msafara ulikuwa umenyooka njiani katika mstari mrefu, mizinga haikuwa tayari kupiga, na Wahehe walikuwa wamejificha karibu sana. Kanuni zikiruhusu upande mmoja kuanza ukiwa umefichwa, na zikidai kwamba mzinga unaosafirishwa uhitaji zamu kadhaa kabla ya kupiga, matokeo yanageuka.

Miaka mitatu baadaye mambo yalikuwa kinyume. Gavana Friedrich von Schele aliongoza jeshi lililojiandaa, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ilitekwa. Ukuta wa mawe uliwakusanya walinzi mahali ambapo mizinga iliweza kuwapiga.

Watu ni wale wale, silaha zinakaribiana, lakini washindi ni tofauti. Mfumo unaowapa Wahehe daraja moja la kudumu utakosea katika mojawapo ya mapigano haya mawili. Tena, Mkwawa aliponyoka Kalenga akaendelea kupigana hadi kifo chake mwaka 1898. Mchezo unaoisha jioni ungemhesabu kuwa ameshindwa miaka minne kabla.

Tanga, 1914

Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 huchezwa sana na wapenzi wa mchezo huu. Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Waingereza walishindwa wakarudi melini, wakiacha bunduki na risasi nyingi.

Kwa hesabu ya vichwa, mchezo huu ni wa Waingereza. Ili kuueleza, kanuni lazima ziingize safari ndefu ya baharini, askari wengi wasiofunzwa vya kutosha, vichaka vilivyozuia kuona, na onyo ambalo Wajerumani walikuwa wamelipata kabla ya shambulio. Baadhi ya waandaaji huongeza pia nyuki walioshambulia askari uwanjani. Tukio hilo ni la kweli.

Wasioonekana mezani

Upungufu mkubwa wa michezo ya vita vya Afrika Mashariki unahusu wapagazi. Mwaka 1916 kikosi cha Jenerali Edward Northey, kilichotoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo, kilipitia Njombe na kuingia Iringa. Sehemu kubwa ya chakula na risasi katika vita hivyo ilibebwa vichwani.

Hesabu yake ni rahisi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25. Akila kilo moja kwa siku, safari ya siku 10 kwenda na 10 kurudi inamla kilo 20 za mzigo wake mwenyewe. Zinazomfikia askari ni kilo 5. Siku 3 zaidi za kwenda na 3 za kurudi, na mzigo wote haumtoshi hata yeye. Hapo jemadari hukata chakula cha mpagazi, au huchukua chakula cha wanakijiji.

Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa magonjwa na njaa, na idadi yao ilizidi ile ya askari waliouawa. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam limetokana na kikosi chao. Mnara wa Askari wa mwaka 1927 jijini humo unaonyesha askari mwenye bunduki, ilhali mnara wa Nairobi una mpagazi pia kati ya sanamu zake. Mchezaji anayenunua sanamu za askari na kuwaacha wapagazi anapata picha ya vita isiyo na gharama yake kubwa kuliko zote. Kanuni chache tu za ziada, kwa mfano kikosi kisicho na wapagazi kisiende mbali na kambi, zinabadilisha mchezo mzima.

Uhusiano na bao

Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, halitumii dadu, na kila mchezaji huona kete zote. Bahati na kufichwa, ambavyo ni kiini cha mchezo wa vita, havimo. Hata hivyo bao lina jambo ambalo kanuni nyingi za mezani hazina: kete zinazotekwa hazitolewi ubaoni, bali huingizwa upande wa aliyeteka na kucheza kwa ajili yake. Wangoni katika karne ya 19 walikua kwa njia inayofanana na hiyo, kwa kuwaingiza mateka katika jamii na majeshi yao. Sanamu iliyopigwa mezani huondolewa tu.

Ukosoaji na matumizi

Wakosoaji husema mchezo huu unafanya mauaji kuwa burudani. Wengine huona kwamba vitabu vingi kuhusu vita vya Afrika vimeandikwa kwa jicho la Ulaya. Kanuni za Chris Peers kuhusu vita vya Afrika ya karne ya 19, zenye orodha za majeshi ya Waafrika wenyewe, zinaitwa Death in the Dark Continent, yaani “Kifo katika Bara la Giza”.

Kwa upande mwingine, mchezo huu unaweza kusaidia somo la historia. Wanafunzi wakigawanywa makundi mawili na kutakiwa kuandika kanuni za Lugalo wao wenyewe, watalazimika kuuliza nani alijua nini, njia ilipita wapi, na mizigo ilibebwa na nani. Kanuni zao zikitoa ushindi kwa Zelewski kila mara, kuna sababu ambayo bado hawajaiandika.