Ijue Kemia (4): Kuhesabu kwa Mizani

Wiki iliyopita tuliona kwamba atomu huungana kwa idadi: kaboni moja na oksijeni mbili, haidrojeni mbili na oksijeni moja. Lakini nani ataweza kuzihesabu atomu mojamoja? Maabara tuna mizani tu. Moli ndiyo inayotuwezesha kupima uzito tukapata idadi, na mwanafunzi asiyelielewa hili atakariri kanuni miaka yote ya sekondari bila kujua anatafuta nini.

Wauza kanga huhesabu kwa doti na korija: doti ni kanga mbili, korija ni ishirini. Moli nayo ni jina la idadi, ila idadi yenyewe ni kubwa mno: 602,214,076 ikifuatwa na sifuri kumi na tano. Tarakimu hizo ziliwekwa rasmi tarehe 20 Mei 2019; kabla ya hapo moli ilielezwa kuwa ni idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Huitwa namba ya Avogadro, kwa heshima ya Amedeo Avogadro wa Torino, ambaye mwaka 1811 alisema kuwa gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, zina molekuli sawa kwa idadi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuijua namba hiyo. Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyependekeza iitwe hivyo, mwaka 1909.

Kwa kuwa ni idadi, moli haina uzito wake yenyewe. Ukisikia “moli moja ni gramu 18”, uliza papo hapo: moli ya nini? Moli ya maji ina gramu 18. Moli ya atomu za oksijeni ina gramu 16, lakini ya gesi ya oksijeni tunayovuta, ambayo atomu zake huenda mbilimbili, ina 32. Uzito huo ndio masi ya moli. Unaupata kwa kujumlisha masi za atomu zote zilizomo katika fomula, kama zilivyo kwenye jedwali la elementi.

Tuitumie kwenye tanuri la chokaa, kazi ya kale ya pwani yetu. Matumbawe na mawe ya chokaa kwa sehemu kubwa ni kabonati ya kalsiamu, CaCO₃. Kalsiamu ni 40, kaboni 12, oksijeni tatu 48: jumla gramu 100 kwa moli. Yakiungua vizuri, kila moli ya jiwe hutoa moli moja ya chokaa, CaO, yenye gramu 56, na moli moja ya hewa ukaa, CO₂, yenye gramu 44. Basi kilo 500 za jiwe safi ni moli 5,000. Tanurini zitabaki kilo 280. Kilo 220 zimekwenda hewani, mbali na moshi wa kuni. Mchoma chokaa anayeona mzigo umepungua karibu nusu hajaibiwa.

Kisha chokaa huzimwa kwa maji, moli kwa moli. Moli 5,000 za maji ni kilo 90, yaani lita 90, ingawa fundi humwaga zaidi kwa sababu chokaa huchemka na maji mengi hupotea kwa mvuke. Tunapata kilo 370 za chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂. Ikishapakwa ukutani, polepole, kwa miaka, huvuta hewa ukaa na kuachia maji. Itakapomaliza, itakuwa imechukua kilo 220 na kutoa 90. Jumlisha, toa: kilo 500 za CaCO₃, zilezile tulizoanza nazo.

Hapa kila kitu kilikwenda moja kwa moja. Wiki ijayo tutachukua magadi soda, NaHCO₃, ambayo moli zake mbili zikipashwa moto hutoa moli moja tu ya hewa ukaa. Itafute masi yake ya moli kabla hatujakutana. Sodiamu ni 23.