Nafasi 120

Willie Marshall alifunga mabao 523 katika AHL, ligi inayoilisha wachezaji NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Kanada na Marekani. Alistaafu mwaka 1972, na hajatokea aliyeifikia idadi hiyo. Alicheza huko misimu 20, michezo 1,205. Ligi kuu yenyewe ilimpa michezo 33 tu, yote akiwa na Toronto Maple Leafs, tena kwa vipande: leo yumo, kesho karudishwa chini.

Mwepesi wa kuhukumu atasema kiwango chake kiliishia hapo. Huenda. Lakini kabla ya kuupokea uamuzi huo, ni vizuri kuuliza milango ilikuwa mingapi na nani alishika funguo.

Kuanzia 1942 hadi 1967 NHL ilikuwa na timu sita: Montreal, Toronto, Boston, New York, Chicago na Detroit. Ukipiga hesabu ya wachezaji 20 kwa kila timu unapata nafasi 120, zikigombewa na vijana wa Kanada nzima, nchi ambamo mabwawa huganda kila Desemba na watoto huvaa viatu vya kutelezea kabla hawajajua kusoma. Juu ya uhaba huo palikuwa na karatasi iliyoitwa Fomu C. Kijana akishaisaini, haki zake za kucheza zilikuwa mali ya klabu moja. Klabu ikiwa na viungo watatu hodari, wa nne alibaki daraja la chini, hata kama jirani alikuwa na pengo. Na kulalamika kulikuwa na bei yake. Mwaka 1957 Ted Lindsay, winga mashuhuri wa Detroit, aliongoza juhudi za kuunda chama cha wachezaji. Mwaka huohuo akahamishiwa Chicago, timu iliyokuwa ikiburuta mkia.

Hali ya makipa ilikuwa ngumu kupita zote, maana timu ilimtegemea kipa mmoja. Kazi sita, basi. Johnny Bower aliipata mojawapo msimu wa 1953–54, akadaka michezo yote 70 ya New York Rangers, kisha akarudishwa chini kwa sababu Gump Worsley alirejea golini. Akasota tena hadi 1958, Toronto walipomchukua akiwa na miaka 33. Mwanzoni yeye mwenyewe hakuwa na hamu ya kwenda. Alichofanya baada ya hapo kinajulikana: tuzo ya kipa bora mwaka 1961 na makombe manne ya Stanley, yaani ubingwa wa NHL. Bower ndiye ushahidi unaowasumbua wanaosema kipaji hujitafutia njia chenyewe. Toronto wangempuuza mwaka ule, leo angekuwa jina la kwenye majedwali ya takwimu, pamoja na Marshall.

Si wote waliodhulumiwa, lazima isemwe. Guyle Fielder, fundi wa pasi aliyekusanya pointi 122 msimu mmoja akiwa Seattle, alipangwa na Detroit pembeni mwa nyota wao Gordie Howe mwaka 1957. Wote wawili walizoea kuongoza mchezo kisahani kikiwa kwenye gongo lao. Baada ya michezo michache Fielder akaomba kurudi Seattle, alikokuwa mfalme.

Herb Carnegie hakupewa hata hiyo michezo michache. Alizaliwa Toronto mwaka 1919, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, akakua kuwa kiungo wa kasi na akili. Katika timu za Quebec alicheza safu moja na kaka yake Ossie pamoja na Manny McIntyre, safu ya watu weusi watupu iliyojaza viwanja. Alitajwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1947, akarudia 1948, akarudia tena 1949. Maisha yake yote alisimulia kwamba alipokuwa kijana kocha wake alimpa ujumbe wa mkuu wa Maple Leafs, Conn Smythe: angemsajili kesho yake, ingekuwa kuna wa kumgeuza mweupe.

Mwaka 1948 Rangers walimwita kambini. Alikuwa na miaka 28, mke na watoto. Kwa jinsi alivyosimulia, alifanya vizuri, nao wakamtolea mikataba ya timu zao ndogo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukizidi kidogo uliotangulia na yote ikiwa chini ya alichokuwa akilipwa Quebec. Akakataa. Wapo wanaosema alikosea, kwamba angemeza uchungu na kusubiri. Ni rahisi kumshauri mtu hivyo ukiwa hulishi familia yake. Jean Béliveau, aliyecheza naye Quebec Aces kabla ya kuwa nguli wa Montreal, aliamini kilichomzuia Carnegie ni rangi ya ngozi.

Mwaka huohuo wa 1948, Machi 13, Rangers haohao walimvalisha jezi Larry Kwong, Mkanada mwenye asili ya China aliyekuwa tegemeo la timu yao ndogo. Alikaa benchi vipindi viwili na sehemu kubwa ya cha tatu. Akaingia kama dakika moja, mchezo ukaisha, na hakuitwa tena. Miaka mitatu baadaye alichaguliwa mchezaji bora wa ligi ya Quebec.

Mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, Willie O'Ree wa Boston, aliingia Januari 1958, jicho lake la kulia likiwa karibu halioni, jambo alilolificha. Ligi ilipopanuka hadi timu 12 mwaka 1967, Marshall alikuwa na miaka 35 na Carnegie 47.

Carnegie alifariki mwaka 2012. Miaka kumi baadaye Jumba la Heshima la hoki mjini Toronto lilimwingiza katika kundi la wajenzi wa mchezo, kwa ajili ya shule ya hoki aliyowaanzishia vijana mwaka 1955. Heshima hiyo aliistahili. Kundi la wachezaji, ambako ndiko kwake hasa, hayumo hadi leo.