Kisiwa Kilichokaa Ukingoni mwa Mosi-oa-Tunya

Mto Zambezi unapokaribia maporomoko yake makubwa, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, huwa mpana na mtulivu. Viboko wanazama na kuibuka, tembo wanavuka kutoka kisiwa hadi kisiwa, na aliyekaa kwenye boti anaweza kudhani safari itaendelea hivyo hivyo mpaka Msumbiji. Kisha ardhi inakatika. Mto mzima unatumbukia kwenye ufa wenye urefu wa mita 1,708, na penye kina kikubwa zaidi maji huanguka mita 108. Hayo ndiyo maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo ramani nyingi huyaita Victoria. Karibu na katikati ya ukingo wake, pale pale maji yanapoanza kuanguka, pana kisiwa kidogo chenye mikindu na miti mingine ipendayo unyevu. Ni Kisiwa cha Livingstone, na kimo upande wa Zambia.

Wanaopanga safari ya kwenda huko huuliza kwanza bei, kisha usalama. Ningependa waanze na tarehe. Kisiwa hiki hakifikiki mwaka mzima. Mto ndio unaofungua njia na kuifunga, tena kwa kalenda inayowachanganya wageni wengi, kwa kuwa haiendi sambamba na mvua wanazoziona kwa macho.

Mvua za eneo hilo hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi. Mtu angetarajia mto ufurike Januari, mvua zikiwa zimekolea. Lakini maji yanayopita maporomokoni hayatokani na mvua ya pale. Yametoka mbali, kaskazini-magharibi mwa Zambia na nyanda za juu za Angola, na njiani yanakutana na tambarare ya Barotse, nchi ya Walozi. Hapo mto huvuka kingo zake na kutandaa kwenye majani kwa makumi ya kilomita. Kila mwaka maji yakizidi, mfalme wa Walozi, Litunga, huondoka Lealui kwa jahazi la makasia na kuhamia Limulunga, penye mwinuko. Sherehe hiyo huitwa Kuomboka. Maji yaliyomhamisha Litunga hayana haraka. Hukaa kwenye tambarare, hupungua kidogo kidogo, na sehemu yake kubwa hufika maporomokoni wakati mvua za kule chini zimekwisha au zinakatika. Ndiyo maana kilele cha mafuriko huwa mnamo Aprili, na mto huwa mdogo kabisa Oktoba na Novemba, mawingu ya msimu mpya yakianza kukusanyika.

Tofauti kati ya vipindi hivyo viwili ni kubwa mno. Aprili ya kawaida hupitisha takriban mita za ujazo 3,000 kwa sekunde. Mwisho wa kiangazi kinaweza kubaki kiasi cha sehemu moja ya kumi ya hapo. Katika mafuriko ya 1958 mto ulifikia karibu mita za ujazo 10,000 kwa sekunde. Mto ukijaa, manyunyu hupanda mamia ya mita angani na huonekana kutoka umbali wa makumi ya kilomita. Kisiwani wakati huo ni mvua tupu, mkondo unapita kwa kasi pande zote mbili, na hakuna nahodha anayethubutu kwenda. Njia hufunguka maji yakishashuka, na lile bwawa maarufu la kuogelea lililo kando ya kisiwa, ambalo watalii huliita Bwawa la Shetani, kwa kawaida huingilika kuanzia katikati ya Agosti hivi hadi mwanzoni mwa Januari. Mwaka wa mvua nyingi hufupisha muda huo. Mwaka mkavu huurefusha.

Kalenda hiyo hiyo ndiyo iliyompa msafiri David Livingstone nafasi ya kufika kisiwani. Wasomaji wetu wanamjua kwa Ujiji, na kwa Bagamoyo ambako mwili wake ulipitishwa baada ya kubebwa na watumishi wake kutoka ndani kabisa ya bara. Maporomoko haya aliyafikia mapema zaidi, tarehe 16 Novemba 1855. Wenyeji wake Wakololo, raia wa mfalme Sekeletu, walimpakia kwenye mtumbwi na kumpeleka hadi kisiwani, wakapenya katikati ya miamba na mikondo waliyoijua wao. Ilikuwa Novemba, mto uko chini. Mwenyewe aliandika kwamba mahali walipopita hapapitiki kabisa maji yakijaa. Angekuja Aprili, angeishia kutazama wingu la manyunyu kutoka mbali.

Alipotambaa hadi ukingoni na kuchungulia, alikadiria kwamba maji yanaanguka futi 100 hivi, yaani mita 30, na kwamba mto una upana wa yadi 1,000. Kina halisi ni zaidi ya mara tatu ya alichokisema, na upana unakaribia maradufu. Simlaumu. Kisiwani mtu yuko ndani ya jambo lenyewe: manyunyu yanaficha chini, na miamba ya kando inaficha ncha zote mbili za ukingo. Aliporudi 1860 alikuwa na kamba. Waliishusha ikiwa na uzito na kipande cha kitambaa cheupe, na hata baada ya futi 300 haikuwa imegusa maji. Katika safari hiyo alifuatana na daktari na mtaalamu wa mimea John Kirk, yule ambaye baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar na kumbana Sultani Barghash hadi mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Waliikuta bustani ndogo ya mbegu za matunda na kahawa aliyoipanda Livingstone miaka mitano nyuma. Viboko walikuwa wameikanyaga yote.

Kisiwa kimebaki na jina la mgeni huyo, na kuna kibao cha kumbukumbu yake. Lakini maelezo yake mwenyewe yanasema wazi kwamba kabla yake watemi wa Batoka walikuwa na sehemu tatu za ibada karibu na maporomoko, na mojawapo ilikuwa kisiwa hicho alichokuwa amesimama. Walitoa sadaka na kuiomba mizimu yao hapo, ngurumo ikiwa masikioni na upinde wa mvua mbele ya macho. Wazao wao, Watoka na Waleya walio chini ya Mtemi Mukuni, wako pale pale hadi leo. Kwa maoni yangu anayekanyaga kisiwa hicho aingie kwa adabu ya mtu anayeingia mahali pa ibada pa wengine, na historia atakayosimuliwa ianze na hao.

Sasa mwamba wenyewe, maana bila huo hakuna kisiwa wala maporomoko. Ni basalti nyeusi, lava iliyomwagika tabaka juu ya tabaka yapata miaka milioni 180 iliyopita. Lava ilipopoa ilisinyaa na kupasuka, mithili ya tope la bwawa lililokauka, na baadhi ya nyufa zilikuwa ndefu na zenye kina, nyingi zikielekea mashariki na magharibi. Baadaye zilijazwa na mashapo laini. Zambezi ulipopita juu yake ukaanza kung’oa kilicho laini na kuacha kigumu. Ukipata ufa uliokaa kimkingamo, unauchimba wote na kuugeuza korongo, na mto mzima unaangukia humo. Hapo hautulii. Unatafuta udhaifu mwingine juu zaidi, unakata kurudi nyuma, na siku moja ufa mpya unakuwa maporomoko mapya na ule wa zamani unabaki korongo la kupitishia maji. Ukitazama picha iliyopigwa kutoka angani utaona makorongo hayo yamepindana chini ya maporomoko, kulia na kushoto. Kila moja liliwahi kuwa ukingo.

Jambo hili hueleweka vizuri zaidi ukiwa kisiwani. Tazama ng’ambo ya korongo: ukuta wa pili una kimo kilekile cha mwamba unaoukanyaga. Msitu wenye maji ambamo watalii wa upande wa Zimbabwe wanatembea na miavuli umeota juu ya sakafu ya zamani ya mto. Maji yaliwahi kupita juu ya pale walipo. Na dalili za hatua inayofuata zipo tayari upande wa magharibi kabisa, kwenye poromoko ambalo ukingo wake umekatwa chini kuliko sehemu nyingine zote; wanajiolojia wengi wanaamini korongo jipya litaanzia hapo. Likikamilika, kisiwa kitajikuta ukutani ng’ambo, na maji yatakuwa yakianguka nyuma yake.

Safari ya leo ni ya boti ya injini. Nahodha haendi moja kwa moja; anakata kona kati ya miamba, anapanda mkondo kidogo kisha anauacha umrudishe. Unavaa jaketi okozi. Kisiwani kiongozi hukushika mkono, maana mwamba wa ukingoni umelainishwa na mto kwa maelfu ya miaka na una utelezi wa mwani. Kuelekea bwawani huogelewa kwa kufuata mstari unaoonyeshwa na kiongozi, na mstari huo haufai kubishaniwa. Bwawa lenyewe ni shimo lililochimbwa na mawe yanayozungushwa na maji, na upande wa korongo limeachiwa ukingo wa mwamba uliosimama chini kidogo ya uso wa maji. Ukingo huo ndio unaokuzuia. Maji machache hupita juu yake na kuanguka, mengi hugeuka. Ukituliza miguu, samaki wadogo huja kukudonoa. Mto ukiongezeka, maji yanayopita juu ya ukingo huwa mengi na yenye nguvu ya kumbeba mtu, na hapo bwawa hufungwa. Anayeombwa kusubiri au kurudi asinung’unike.

Kuna gharama ambayo matangazo ya utalii hayaisemi. Miezi inayofungua kisiwa ndiyo miezi ambayo upande wa mashariki, yaani ule wa Zambia, hukauka. Ukingo huko uko juu kidogo, hivyo maji yakipungua hukimbilia magharibi. Juu kidogo ya maporomoko, kwenye ukingo huo huo wa Zambia, mfereji huchota maji kwenda kwenye kituo cha umeme chenye uwezo wa megawati 108, na maji hayo hurudi mtoni kwenye korongo la tatu. Aprili hakuna anayegundua. Oktoba huonekana. Katika ukame wa 2019 picha za ukuta mkavu zilisambaa duniani, watu wakadhani maporomoko yamekufa; upande wa Zimbabwe maji yalikuwa bado yanaanguka. Umeme ni hitaji la kweli kwa Zambia, na sidhani mtalii ana haki ya kudai taa za watu zizimwe ili apige picha. Lakini ni vema ajue anachokitazama.

Kwa hiyo chagua. Anayetaka kuona mto ukiwa na nguvu zake zote aende Aprili au Mei, avae nguo za kulowa, na asahau kisiwa. Anayetaka kisiwa na bwawa aende Septemba hadi Novemba, ajiandae kwa joto kali, na atenge siku ya pili ya kuvuka daraja la 1905 kwenda Zimbabwe ili aone maporomoko makuu kwa mbele. Kwa wanaotoka Tanzania, reli ya TAZARA hufika Kapiri Mposhi, na kutoka hapo barabara inapitia Lusaka hadi mji wa Livingstone. Safari ya kisiwani huzidi dola 100 za Marekani kwa mtu, na makundi ni madogo, hivyo nafasi huwekwa mapema. Kabla ya kulipa, uliza kiwango cha maji cha wiki hiyo. Waendeshaji wanakijua kila asubuhi.