Minervali si Mwisho wa Hesabu: Kusomesha Mutoto Inje kwa Makuta ya Shimo

Papa mumoja wa Salamabila, mwenye shimo la zahabu karibu na Namoya, alikuja kwangu siku moja na kartasi mukononi. Ilikuwa barua ya chuo kikuu kimoja cha Kampala, Uganda. Mutoto wake wa kwanza amekubaliwa. Chini ya barua kuliandikwa minervali ya semestri moja. Papa akaniambia: “Ndugu delege, shimo limetoa. Haya makuta ninayo. Mutoto anaenda.” Nilimupa mukono, tukafurahi pamoja. Sikumuuliza kitu kingine. Njo kosa langu, na njo maana ninaandika haya.

Semestri ya kwanza ilipita vizuri. Katika semestri ya pili maji yakajaa ndani ya shimo, na mashini ya kuvuta maji ikaharibika. Papa akatuma nusu ya minervali, kisha robo, kisha akanyamaza. Siku ya mitihani ikafika, na asiyemaliza kulipa haingii. Mutoto alikaa miezi mingine akingojea, akila kwa deni. Halafu akarudi bila diploma, bila hata kartasi ya pointi. Leo anachimba pamoja na baba yake. Kazi ya shimo haina haya, hata mimi imenilisha. Lakini makuta yote ya mwaka ule muzuri yalipotea njiani.

Tulipoketi baadaye na papa yule tukaandika kila kitu ndani ya kaye, tuliona kwamba minervali haikufika hata nusu ya garama. Basi wazazi wa Kasongo na Kabambare, tuhesabu pamoja.

Vitu ambavyo barua haisemi

Kwanza ni pasipoti. Beyi yake ya Serikali ilikuwa dolari 185 tangu mwaka 2015, ikashuka 99 mwaka 2020, na 75 mwaka 2025. Lakini ongeza safari ya kuifuata, kulala hoteli, na kurudi tena kama haijatoka.

Pili ni Diplome d'Etat. Yetu ni ya Kifaransa. Uganda itapashwa kutafsiriwa, na kule diploma za sekondari za inchi zingine zinalinganishwa na UNEB, ofisi yao ya mitihani. Kazi hiyo inalipishwa, na inakula siku.

Tatu ni luga. Masomo ya Uganda ni kwa Kiingereza. Mutoto wetu amesoma Kifaransa tangu darasani. Wengi wanaanza na miezi ya kujifunza Kiingereza, na katika miezi hiyo mutoto anakula na analipa nyumba, hata kama hajaanza chuo.

Ine ni zile garama ndogo ndogo za chuo: kuandikishwa, maktaba, kartasi ya mwanafunzi, mitihani. Vyuo vya Uganda vinaziweka pembeni ya minervali. Uliza hesabu yote kwa maandishi. Tena uliza kama mutoto wako atahesabiwa mutu wa Afrika ya Mashariki ao mugeni wa mbali. Congo yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kuko vyuo vyenye beyi mbili au tatu kufuatana na inchi ya mutoto. Usilipe kabla ya kupata jibu.

Tano ni maisha yenyewe: chumba, ambacho wenyeji wanaomba kulipwa miezi mbele, chakula, boda ya kila siku, dawa. Wewe unapata franga ao dolari, yeye anatumia shilingi. Beyi ya dolari kwa shilingi inageuka, tena anayetuma anakatwa, na anayebadilisha anakatwa tena.

Sita ni njia. Kutoka Salamabila kwa Lulimba, Baraka na Uvira, kila mutu anajua muvua unafanya nini kwa barabara, na watu wenye silaha wanafanya nini. Makuta nayo yanapita njia. Mwanzo wa mwaka 2025, wakati Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23, mabenki yalifunga milango. Muzazi aliyezoea kutuma kwa njia ya Bukavu alijikuta na makuta mukononi na mutoto mwenye njaa upande wa pili.

Ulaya wanaomba mwaka muzima

Wengine wanawaza Ulaya na Kanada. Angalieni wanavyofanya. Ujerumani inaomba mwanafunzi aweke benki euro 11.904 kwa mwaka mumoja, na kila mwezi anaruhusiwa kutoa euro 992 tu. Kanada, tarehe 1 Januari 2024, ilitoka kwa dolari 10.000 za kwao ikapanda hadi 20.635, na minervali na tiketi haviko ndani. Ufaransa inaomba uonyeshe euro 615 kwa kila mwezi. Tena tangu mwaka 2019 minervali ya mugeni katika vyuo vya Serikali iliwekwa euro 2.770 kwa licence na 3.770 kwa master, wakati mwenyeji alikuwa analipa 170 na 243. Kuko vyuo vinavyosamehe tofauti hiyo, lakini inapashwa kuuliza chuo kwa chuo.

Makuta hayo ni mengi kwetu, na wengi watasema ni njia ya kutufungia mulango. Labda. Lakini ndani yake kuko fundisho: wanataka makuta ya mwaka yawe tayari kabla mutoto hajapanda ndege. Uganda na Burundi hawaombi vile, kwa hiyo ni sisi wenyewe tujiombe.

Sababu shimo halitoi kila mwezi. Linatoa leo, linanyamaza miezi mine. Chumba cha Kampala kinaomba kila mwezi. Hata mwenye mushahara asijidanganye. Wazee wetu wa Sominki walikuwa na mashule na mahospitali ya kampuni, na Sominki ikafungwa mwaka 1997. Banro ilianza kuuza zahabu ya Namoya, na mwaka 2019 kazi ikasimama juu ya usalama. Kwa hiyo shimo likitoa, tenga kwanza makuta ya mwaka muzima, garama zote. Yasipofika, mutoto angoje, ao aanze karibu: Kindu, Kisangani, Lubumbashi. Akimaliza licence hapa, anaweza kutafuta master inje kwa buruse.

Buruse na haki yetu

Buruse haziko sawa. Ya Uturuki, Türkiye Bursları, inalipa masomo, malazi na tiketi, na kuomba ni bure. Ya Serikali ya Urusi inalipa masomo, lakini tiketi na sehemu kubwa ya maisha ni juu yako. Uliza kila mara: inalipa nini, kwa miaka mingapi, na mutoto akirudia mwaka inakuwaje? Komisionere akikuomba dolari juu ya kujaza fomu ya bure, ondoka.

Tena kuko makuta yetu wenyewe. Kodi ya Madini ya mwaka 2018 inasema kwamba katika redevance ambayo kampuni inalipa, 15 kwa mia ni ya chefferie, sekta ao muji mahali madini yanatoka. Tena kampuni inatoa 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na inatia sahihi kwa cahier des charges pamoja nao. Ndani ya mikutano hiyo watu wanaomba daraja, shule, pompa ya maji. Ni vizuri. Lakini sijasikia wengi wakiomba buruse kumi za watoto wa wachimbaji, na majina yabandikwe mbele ya watu wote. Sisi wa sendika tupeleke ombi hilo, na nyinyi wazazi mufike mukutanoni.

Papa yule wa Salamabila ana mutoto wa pili, musichana. Anasoma Kindu. Kila shimo likitoa, kabla ya kulipa deni la mafuta ya mashini, papa anafungua ile kaye na kuandika makuta ya binti. Juzi alinionyesha: mwaka huu umelipwa wote, na wa kesho umefika nusu.