Dozi ya Saa Nne Usiku: Tiba Shufaa Katika Nyumba za Lyamkena

Lyamkena ni sehemu ya Makambako, mji wa njiapanda ambako barabara kuu ya Mbeya hukutana na ile iendayo Njombe na Songea. Mgonjwa wa saratani anayetakiwa kupata mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, husafiri kutoka hapo zaidi ya kilomita 600. Akirejea baada ya kuelezwa kwamba ugonjwa umevuka hatua ya kuponyeka, wodi yake huwa chumba cha nyumbani, na muuguzi wake huwa binti, mke au dada.

Tiba shufaa mara nyingi hudhaniwa kuwa huduma ya kumsindikiza anayekufa. Dhana hiyo huchelewesha nafuu. Huduma hii hustahili kuanza pale ugonjwa mzito unapotambuliwa, sambamba na tiba nyingine, nayo hushughulikia maumivu ya mwili pamoja na hofu, imani na mahangaiko ya familia. Mkoani Njombe haja yake ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Dawa za kufubaza VVU zimerefusha maisha, lakini mwanamke mwenye VVU bado ana uwezekano wa takriban mara 6 zaidi wa kupata saratani ya shingo ya kizazi.

Maumivu ya saratani hiyo yakikomaa hayatulizwi na parasetamo peke yake. Hapo ndipo morfini ya maji inapohitajika. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia kwa kawaida huanzishiwa miligramu 2.5 hadi 5 kila baada ya saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kwa maelekezo ya mtoa tiba, dozi hiyo ya mwisho huongezwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi alfajiri. Dawa hutolewa kwa saa, si kwa kilio; anayengoja maumivu yapande ndipo anywe huyafukuza bila kuyafikia. Hofu ya uraibu, iliyoenea hata miongoni mwa watumishi wa afya, haina uzito kwa mgonjwa aliyepimiwa dozi yake vizuri. Tatizo la hakika ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa tangu siku ya kwanza. Kidonda kinachonuka, kinachomfanya mama ajitenge na wajukuu wake, hupata nafuu kwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa na kunyunyiziwa juu yake. Ni jambo dogo, lakini humrudisha mtu sebuleni.

Mtoto ana njia yake. Dozi yake hupimwa kwa uzito wa mwili, na tangu 2012 Shirika la Afya Duniani halipendekezi kodeini kwa watoto. Mtoto aliyenyamaza na kuacha kucheza huenda anaumia kuliko anayelia. Akijua kuwa kusema ukweli huleta sindano, atasema haumwi. Kwa hiyo dawa ya kunywa hutangulizwa kila inapowezekana.

Wanaosahaulika zaidi ni wazee wenye moyo ulioshindwa kazi. Kubanwa pumzi kwao huitwa uzee. Mzee huinuliwa kwa mito, dirisha hufunguliwa hata katika baridi ya Julai, naye akiwa amefunikwa vizuri, na dawa zake za moyo huendelea. Pumzi ikibana bado, morfini kidogo huipunguzia dhiki, ila figo zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa na muda kati ya dozi huongezwa.

Hospitali ya Kilutheri ya Ilembula, mkoani humo, ni miongoni mwa zilizoingia katika mpango wa tiba shufaa wa KKKT, uliojengwa juu ya uzoefu wa Selian, Arusha. Uganda ilikwenda mbele zaidi: mwaka 2004 iliwaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini. Mahali ambapo daktari ni mmoja na vijiji ni vingi, ni vigumu kuona hoja nzito ya kuupinga utaratibu huo.

Nyumbani, chupa huwekwa juu, mbali na watoto, ikiwa na jina la mgonjwa, na kila dozi huandikwa daftarini. Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki hairithiwi na jirani mwenye maumivu ya mgongo. Hurudishwa ilikotolewa, ikahesabiwe. Mhudumu anayeipokea hukaa kidogo na wafiwa, na kuuliza kama aliyekuwa akiamka usiku kutoa dawa ameanza kupata usingizi.