Kosa Likamatwe Kabla App Haijafika Kwa Simu Yako

Umewahi kutuma pesa ukasahau tarakimu moja ya nambari ya simu? Simu inakataa papo hapo. Hata PIN hujaulizwa, na hujapoteza kitu. Lakini ukiandika tarakimu zote na moja iwe siyo, simu haina la kukataa, kwa sababu nambari hiyo ipo na ina mwenyewe. Hapo unaonyeshwa jina. Ukiona jina la mwanamume na wewe unamtumia dada yako, unarudi nyuma. Ukipita hapo bila kusoma, ukaweka PIN, basi kosa limeshakuwa la kupigia huduma kwa wateja, kungoja kwa laini, na kumwomba Mungu aliyepokea asiwe amefika kwa wakala.

Tarakimu ni ile ile moja. Tofauti iko mahali ilipokamatwa. Kabla ya PIN ni bure, baada ya PIN ni gharama.

Mimi ni mmoja wa wanaotengeneza app za simu, na wateja huniuliza sana kwa nini app inataka kusasishwa kila mara, tena wakati mwingine na kitu kidogo ambacho hawakioni. Leo niwapeleke mahali ambapo wateja hawafiki: pale app inapoundwa. Huko pia kuna swali la kabla na baada ya PIN, na miaka ya karibuni limepata jibu zuri kuliko lile tulilokuwa nalo.

Karakana ya kuunda app

Ukienda kule Nairobi wanakounda bodi za matatu, utaona chesisi inaingia na injini na magurudumu tu. Viti vinatoka kwa fundi huyu, vioo kwa yule, rangi kwa mwingine. Mwisho gari linatoka zima, lina nambari ya usajili na linaweza kubeba watu.

App nayo huundwa hivyo. Kuna msimbo ulioandikwa na wahandisi. Kuna picha na alama. Kuna maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kuna vipande vilivyoandikwa na watu wengine duniani ambavyo tunavitumia badala ya kuvibuni upya. Kuna anwani ya seva ambayo app itazungumza nayo. Kuna nambari ya toleo. Mwisho kuna sahihi ya kidijitali, inayoiambia simu yako kwamba app hii imetoka kwa wenyewe.

Hakuna mtu anayeviunganisha hivi kwa mkono. Kuna zana ya kufanya kazi hiyo, na kwa app za Android inayotumika zaidi inaitwa Gradle. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2012, na mwaka 2013 Google wakaichagua iwe ndiyo ya kuundia app za Android. Mhandisi anaiandikia maagizo kwenye faili, tunaziita skripti: chukua hiki, weka pale, tia sahihi, toa.

Shida ni kwamba maagizo hayo nayo yanaandikwa na binadamu, na binadamu ana vidole.

Ile faini ya mia mbili

Zamani kidogo, katika kazi nyingine, tulikuwa na app ya vikundi vya akiba. Siku moja ikagundulika inaonyesha tarehe ya kulipa mkopo siku moja mbele. Mkopo wa kulipwa Ijumaa ulikuwa unasomeka Jumamosi. Tulirekebisha upesi, na Alhamisi jioni marekebisho yalikuwa tayari. Tukitoa usiku huo, Ijumaa wanachama wanaona tarehe sahihi na mambo yanaisha.

Saa tatu usiku nikaanza kuunda toleo la umma. Wiki nzima tulikuwa tunaunda matoleo ya majaribio bila shida yoyote. Kumbe lile la umma lina sehemu yake katika skripti, ambayo haiguswi mpaka siku ya kutoa. Humo, wiki mbili kabla, nilikuwa nimeandika jina moja kwa herufi iliyozidi. Kompyuta ikafanya kazi karibu dakika arobaini, ikafika kwenye mstari ule, ikagoma: jina hili silijui.

Nikaondoa ile herufi, nikaanza upya. Dakika arobaini nyingine. Mistari mitatu chini ikagoma tena. Safari hii nilikuwa nimefunga nambari ya toleo kwa alama za kunukuu, kwa hivyo kompyuta iliiona kama neno. Tulikuwa toleo la 41, na skripti iliambiwa iongeze moja. Ukiongeza 1 kwenye hesabu 41, unapata 42. Ukiongeza 1 kwenye neno "41", linabandikwa mwishoni, unapata 411. Bahati nzuri hatua iliyofuata ilitaka hesabu kamili, ikalikataa lile neno. Ingelikubali, tungeruka hadi 411, na kwenye duka la app huwezi kurudi nyuma: toleo jipya lazima liwe na nambari kubwa kuliko la awali.

Tulimaliza kumi alfajiri. Ukaguzi wa duka ukachukua saa zake, na wanachama wengi wakapata app mpya Jumamosi. Waliokuwa wamengoja Jumamosi kama app ilivyowaambia walikuwa wameshakatwa faini ya shilingi 200.

Jumatatu mweka hazina wa kikundi kimoja akanipigia. Mama wa makamo, sauti ya upole kabisa. "Kijana wangu," akasema, "hii faini ni yangu ama ni yako?"

Nilimwambia pole mama, itarudishwa, na ilirudishwa. Lakini swali lile halijatoka kichwani, kwa sababu makosa yote mawili yalikuwa yameandikwa pale, wazi, kwa wiki mbili. Yeyote angeyaona kama kungekuwa na mtu wa kuyatafuta.

Kwa nini hakuna aliyeyaona

Skripti zetu ziliandikwa kwa lugha inayoitwa Groovy, ambayo ndiyo Gradle ilianza nayo. Groovy ni lugha ya upole. Inafanana na daftari la madeni la dukani: andika jina lolote, daftari halibishani na wewe. Siku ya kudai ndiyo utajua kama "Mama Nani" uliyeandika yupo au hayupo. Kwa Groovy, majina mengi hayathibitishwi mpaka ule mstari ufikiwe kazi ikiendelea. Mstari ambao haujafikiwa, kosa lake limelala. Na ukifikiwa, unaonyeshwa kosa moja tu, kwa sababu kazi inasimama hapo hapo. Ndiyo maana nililipa dakika arobaini mara mbili.

Njia ya pili ilitoka kwa lugha ya Kotlin, iliyobuniwa na kampuni ya JetBrains na kupewa jina la kisiwa kilicho karibu na mji wa Saint Petersburg, Urusi. Mwaka 2016 watu wa Gradle walitangaza kwamba skripti zitaweza kuandikwa kwa Kotlin. Mwaka 2018, na Gradle 5.0, njia hiyo ikafika toleo lake la 1.0. Tangu 2023 ndiyo unayopewa kwanza ukianza kazi mpya.

Kotlin haina upole ule. Kabla ya kazi yoyote kuanza, skripti nzima inasomwa kuanzia juu hadi chini, pamoja na ile sehemu ya siku ya kutoa ambayo hujaigusa kwa mwezi. Kila jina linaulizwa: wewe unajulikana? Kila kitu kinaulizwa: wewe ni aina gani, na mahali hapa panataka aina gani? Makosa yanayopatikana yanaorodheshwa pamoja. Mara nyingi hata hayafiki hapo, kwa sababu mhandisi akiwa bado anaandika, neno lisilojulikana linapigwa mstari mwekundu mbele ya macho yake. Ile herufi yangu iliyozidi ingeonekana baada ya sekunde chache, si baada ya wiki mbili. Na lile 411 lisingekubaliwa, kwa sababu nafasi ya nambari ya toleo imeandikiwa kwamba inapokea hesabu kamili na si neno.

Tarakimu si lazima ziwe hesabu

Hili suala la aina linaonekana dogo mpaka uliangalie kwa macho ya mtumiaji wa pesa kwa simu.

Nambari yako ya simu ina tarakimu kumi na inaanza na sifuri. Je, ni hesabu? Hapana. Hakuna anayejumlisha nambari za simu. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Programu ikiichukulia kama hesabu, sifuri ya mbele inaanguka, maana kwa hesabu 0712 na 712 ni kitu kimoja. Ukifungua orodha ya wanachama wa chama kwenye jedwali la kompyuta ukakuta nambari zote zina tarakimu tisa, sasa unajua kilichotokea.

Matoleo ya app nayo yako hivyo. Kwa hesabu, 4.10 na 4.1 ni sawa. Kwa matoleo, 4.10 ni la kumi na linakuja baada ya 4.9.

Hata menyu yako ya malipo imejengwa kwa wazo hili. Till na paybill zote ni tarakimu tu, lakini ziko sehemu mbili tofauti, na paybill inakuuliza nambari ya akaunti wakati till haikuulizi. Aliyezitenga alijua kwamba mtu akiachiwa nafasi moja ya kuandika kila kitu, karo ya mtoto itaishia kwa mwenye butchery.

Si dawa ya kila kitu

Nisikudanganye kwamba Kotlin ilikuja bure. Ukibadilisha skripti, kuisoma upya huchukua muda kuliko Groovy, na wahandisi hulalamika, mimi nikiwemo. Kampuni yenye skripti za miaka kumi haiwezi kuzigeuza kwa wikendi moja. Pia kuna mianya: jina likiandikwa kama neno ndani ya alama za kunukuu, halikaguliwi, na nyongeza za Gradle zisipotangazwa juu kabisa mahali panapotakiwa, majina yake hayatambuliki vizuri.

Halafu kuna lile ambalo hakuna lugha italikamata. Ukitaka kutuma 1,500 ukaandika 15,000, aina ni sawa kabisa. Zote ni pesa. Anwani ya seva ya majaribio na ya seva ya kweli zote ni anwani. Hapo bado kunahitajika mtu wa pili kusoma, kama vile wewe unavyohitajika kusoma jina na kiasi kabla ya PIN. Hata hivyo, kwangu mimi hesabu ni rahisi: sekunde chache za kungoja kila siku ni nafuu kuliko usiku mmoja kama ule.

Sahihi ya app, na ujumbe wa "futa kwanza"

Kuna kitu kimoja katika maagizo haya ambacho kinakugusa moja kwa moja: sahihi. Ni humo kwenye skripti tunapoeleza toleo la umma litiwe sahihi ipi. Simu yako ya Android inaikumbuka sahihi ya app uliyo nayo. Toleo jipya likija na sahihi tofauti, simu inakataa kuliweka juu ya lile la zamani, hata kama jina na rangi vinafanana kabisa.

Matapeli wanalijua hilo. Ndiyo maana ukipata SMS au ujumbe wa WhatsApp wenye kiungo cha "app mpya", mara nyingi utaambiwa: futa ya zamani kwanza, ndipo hii ikubali. Ukifuta, simu haina tena sahihi ya kulinganisha, na mgeni anaingia kama mwenyeji. Sasisho la kweli halihitaji ufute kitu. Linaingia juu ya app uliyo nayo, kutoka duka lile lile ulilopakulia mwanzo.

Simu ikikuambia app haiwezi kuwekwa kwa sababu inagongana na iliyopo, usiifute iliyopo. Piga picha ya skrini, uhifadhi ule ujumbe uliokuletea kiungo, kisha upigie huduma kwa wateja kwa nambari iliyo ndani ya app yako, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe.